Koti Jeupe na Kifupa cha Kifundo

Naona wengine mmeshaanza kutabasamu. Ndiyo, leo tena naanza na koti. Kila nikialikwa kuzungumza na vijana wanaotaka kusomea udaktari, huwa nawauliza kinachowavuta. Asiyetaja koti jeupe atataja stetoskopu shingoni. Wa kunitajia skafoidi sijampata bado.

Haya, nyoosheni dole gumba juu, kama mnaomba lifti. Mnaona kishimo kimejitokeza pale chini yake, karibu na kifundo cha mkono? Bonyezeni. Humo ndani ndimo ilimo hiyo skafoidi, kifupa chenye umbo linalokaribia korosho, kimoja kati ya vinane vya kifundo. Mwili wa mtu mzima una mifupa 206. Hivyo vinane nilivikariri mwaka wa kwanza kwa kuviimba, nikafaulu mtihani, nikavisahau.

Siku moja, tukiwa tumeshaanza kuona wagonjwa, akaja kijana aliyeanguka akajikinga kwa kiganja. Eksirei yake safi kabisa. Nikamweleza daktari wetu, kifua mbele, kwamba ameteguka tu, apewe dawa ya maumivu aende. Akaniuliza, "Umembonyeza wapi?" Kimya. Akabonyeza kile kishimo, kijana akaruka kwenye kiti. Akafungwa plasta, akaambiwa arudi kupigwa picha nyingine.

Kifupa hicho kikivunjika, ufa unaweza usionekane kwenye picha za siku za mwanzo. Tena sehemu kubwa ya damu yake huingia kwa upande wa vidole, kwa hiyo ufa ukikata njia, kipande cha upande wa pili kinaweza kufa, na mwenye mkono akaishi na maumivu miaka yote.

Najua kuna anayesema moyoni: mzee huyu, siku hizi majibu yote yamo kwenye simu. Sawa, simu ingenijibu. Tatizo langu halikuwa jibu. Sikujua kwamba kulikuwa na swali! Ndiyo maana mnakaririshwa mpaka usiku wa manane vitu mnavyoapa hamtavihitaji.

Na lile koti nililivaa siku hiyo hiyo, limepigwa pasi. Halikunisaidia kitu pale wenzangu sita walipokuwa wakiangalia viatu vyao ili wasicheke. Kesho yake saa moja asubuhi nilitakiwa niwe pale pale, mbele ya daktari yule yule.

Nilipanga kusema pia juu ya sapu, yaani mtihani wa marudio kwa aliyefeli, harufu ya formalini, ile dawa ya kuhifadhia maiti, inayokufuata hadi mezani, na wazazi wanaokuchagulia udaktari halafu wakalala usingizi wao wakati wewe uko zamu. Lakini mwenyekiti ameangalia saa mara tatu. Sapu, kwa kifupi: utaipata, utalia, utarudia mtihani. Hizo habari za wazazi tutazimalizia nje, wao wakiwa hawapo.

Wewe pale nyuma, bado unabonyeza? Kama panauma kweli, njoo mbele nikuone.