Kombe la Houston ni la nani?

Habari za huko jamani. Nawasalimu kutoka Houston, Texas. Leo nimekaa jikoni, feni inazunguka, na nje kuna joto lile la kubana kifua kama Dar mwezi wa pili. Mnaona hili daftari? Ngoja nilisogeze karibu na kamera. Wino mwekundu na wino wa bluu. Nilianza kuliandika siku mdogo wangu aliponipigia kutoka Tabora: "Kaka, hao wa besiboli unaowasema kila siku, meneja mkuu ni kocha au siyo kocha?"

Siyo kocha. Kocha anakaa benchi na kuamua nani aanze. Meneja mkuu humwoni uwanjani. Yeye ndiye anayesajili na kuuza, anayechagua vijana kwenye drafti, yaani zamu ambazo timu hupokezana kuchagua chipukizi wapya kila mwaka, anayetuma maskauti Venezuela na Jamhuri ya Dominika, anayepanga hela ya mishahara. Huko nyumbani mzigo huo angebebeshwa kamati ya usajili, mkurugenzi wa ufundi na tajiri wa klabu. Hapa, timu ikichukua kombe watu wanamsifu mmoja, ikifungwa wanamfukuza huyo huyo. Mimi hapo ndipo nagoma, na nawapa mfano wa mji huu ninaoishi.

Desemba 2011 Astros, timu ya besiboli ya hapa Houston, walimwajiri Jeff Luhnow kuwa meneja mkuu. Timu ilikuwa imetoka kupoteza mechi 106 kati ya 162. Akaja na wataalamu wa takwimu, akauza karibu kila mchezaji mwenye mshahara mnene, akakusanya chipukizi. Mwaka wa kwanza wakapoteza 107. Mwaka wa pili 111. Septemba 2013 kuna mechi yao ilipopimwa watazamaji wa televisheni hapa mjini ikaandikwa 0.0. Sifuri, ndugu zangu, katika mji wenye watu zaidi ya milioni mbili. Halafu mwaka 2017 wakashinda mechi 101 wakabeba World Series, fainali ya ligi kuu ya besiboli ya hapa, taji la kwanza katika historia ya klabu.

Sasa kila mtu akasema Luhnow ni bingwa wa kujenga timu. Hapo ndipo nilipochukua daftari. Wino mwekundu nikaandika aliowakuta. Bluu, aliowaleta mwenyewe.

Mwekundu wa kwanza ni José Altuve. Huyu kijana alikwenda kwenye majaribio ya Astros kule Maracay, Venezuela, wakamrudisha nyumbani kwa sababu ya ufupi. Ni futi 5 na inchi 6, mimi mwenyewe nimemzidi. Baba yake akamwambia rudi kesho. Akarudi, wakamwona, mwaka 2007 wakamsaini kwa dola 15,000. Hela hiyo hapa hununui hata gari jipya la maana. Mwaka 2017 ndiye aliyekuwa mchezaji bora wa ligi yake yote. Luhnow ndiye aliyemsajili? Hakumsajili, alimkuta. George Springer, mchezaji bora wa fainali ile ya 2017, alichaguliwa kwenye drafti ya 2011, miezi sita kabla Luhnow hajaingia ofisini. Dallas Keuchel naye, mrushaji, yaani anayemrushia mpigaji mpira, aliletwa 2009. Meneja mkuu wakati Springer na Keuchel wanachaguliwa alikuwa Ed Wade, na Ed Wade alifukuzwa. Nendeni hapa mtaani mkawaulize watu kumi kama wanamkumbuka.

Msinielewe vibaya, bluu ipo na ni nzito. Carlos Correa, chaguo la kwanza la drafti 2012, ni kazi ya Luhnow. Justin Verlander, yule mrushaji mkongwe, alimchukua kutoka Detroit usiku wa Agosti 31, 2017, karatasi zikipita sekunde chache kabla ya saa sita ya usiku, mwisho wa kusajili mtu wa kucheza hatua ya mtoano. Verlander hakupoteza mechi hata moja iliyobaki ya msimu wa kawaida. Huo ni usajili wa mtu anayejua anachokitafuta.

Lakini na makosa yaandikwe. Machi 2014 aliachia bure mpigaji anayeitwa J.D. Martinez, aliyekuwa amebadilisha namna yake yote ya kuzungusha gongo, akaja kambini, akapewa nafasi chache mno za kuonyesha. Detroit wakamwokota. Mwaka 2017 alipiga mipira 45 ikavuka ukuta, na 2018 alikuwa Boston walipowatoa Astros hawa hawa. Mwaka huo huo wa 2014 chaguo lao la kwanza kwenye drafti, Brady Aiken, hakusaini baada ya mvutano juu ya kiwiko chake. Mji mzima ulizomea. Kumbe kwa kanuni za ligi walilipwa chaguo la pili la mwaka uliofuata, wakamchukua Alex Bregman, na Bregman ndiye aliyepiga mpira wa kumaliza mechi ya tano ya fainali ya 2017, ile ya 13 kwa 12. Niambieni, huo ni ustadi au ni bahati? Mimi hapo nimeandika kwa penseli.

Halafu kuna hili linaloniuma. Januari 2020 ligi ilitoa ripoti: mwaka ule wa kombe, Astros walitumia kamera kusoma ishara za siri ambazo wapinzani hupeana kuhusu mpira utakaorushwa, na kugonga pipa la taka ili mpigaji ajue mpira gani unakuja. Luhnow akafungiwa mwaka mzima, akafukuzwa siku hiyo hiyo. Klabu ikapigwa faini ya dola milioni 5 na kunyang'anywa chaguo za drafti. Ripoti ikasema utamaduni wa idara yake ulikuwa na kasoro kubwa. Kwangu hilo nalo ni ujenzi wa timu. Ukiajiri watu wenye akili nyingi ukawaambia ushindi tu ndio unaohesabika, umejenga na hilo pipa.

Akaingia James Click, meneja mkuu mpya. Mwaka 2022 kombe lingine. Nikafungua ukurasa wa pili, na kalamu nyekundu ikafanya kazi usiku kucha. Jeremy Peña, mchezaji bora wa fainali, drafti ya 2018: wa Luhnow. Framber Valdez, mrushaji, alisainiwa 2015 kwa dola 10,000: wa Luhnow. Yordan Alvarez, mpigaji aliyetolewa na Dodgers wa Los Angeles 2016 kwa kubadilishana na mrushaji wa akiba: wa Luhnow. Click alipata pete ya ubingwa, na siku chache baadaye akaondoka, hawakuafikiana mkataba. Wade alilima, Luhnow akavuna. Luhnow akalima, Click akavuna.

Ndiyo maana wakinitajia Billy Beane, aliyekuwa meneja mkuu wa Oakland, kwamba timu yake haikuwahi kufika World Series, siwasikilizi. Mwaka 2002 timu yake ilishinda mechi 103, sawasawa na Yankees wa New York, kwa mishahara isiyofikia nusu ya yao. Kisha ikatolewa na Minnesota kwenye mtoano wa mechi tano. Mechi 162 zinakuonyesha timu ilivyojengwa. Mechi tano, mrushaji mmoja akiamka vizuri imekwisha.

Sasa ukurasa wa tatu, huu hapa. Dana Brown, aliyeajiriwa kuwa meneja mkuu Januari 2023. Desemba 2024 alimpeleka mpigaji nyota Kyle Tucker Chicago, Tucker akiwa amebakiza mwaka mmoja kwenye mkataba, Brown akapewa wachezaji watatu, mmoja wao Cam Smith, kijana aliyechaguliwa kwenye drafti ya mwaka huo huo. Watu hapa wameshatoa hukumu. Mimi nimeandika tarehe na majina manne, na mbele yake nimeacha mistari sita mitupu.