Kizuizi cha taka kwa nyumba zinazoelea ziwani

Mchana upepo wa ziwani huleta taka chini ya nyumba. Usiku upepo wa nchi kavu huzirudisha. Tutengeneze kizuizi cha mita 10 cha kuzinasa zikiwa njiani.

Andaa chupa 70 za lita moja na nusu, kamba ya nailoni ya milimita 10, na neti ya kivuli, ile ya bustanini, mita 10 kwa 1. Wavu wa kuvulia usiutumie hata kama umechakaa, maana utaendelea kunasa samaki na ndege.

Bandua lebo zote. Chupa zikauke, kisha uzifunge alfajiri kukiwa na baridi. Ukizifunga mchana, hewa ya moto iliyomo itasinyaa zikigusa maji, chupa zitabonyea na nguvu ya kuelea itapungua.

Sasa tazama mshono. Kunja sentimita 50 za neti ziwe mfuko mrefu, upange chupa mbilimbili ndani, kamba kuu ikipita humo mwanzo hadi mwisho. Mvuto wote uishie kwenye kamba. Neti ikivutwa yenyewe itachanika wimbi la kwanza. Sehemu iliyobaki ni pazia. Pinda sentimita 10 za chini, ushonee humo mawe ya gramu 250, moja kila nusu mita. Bila mawe pazia huinuka na mifuko hupita chini yake.

Kukifunga ndiko wengi hukosea. Usikikingamishe na upepo moja kwa moja, kwani taka zitarundikana katikati na kuruka juu. Kiweke mshazari, ziteleze hadi pembe ambayo mtumbwi unafika, na uache njia ya vyombo. Nanga ni gunia la mchanga kila upande: kilo 30 zikizama hubaki kama 19, kwa hiyo usipunguze. Kamba ya nanga iwe mara tatu ya kina, kilichopimwa maji yakiwa yamejaa. Ikiwa fupi, ziwa likipanda kizuizi kitavutwa chini.

Zoa taka kila asubuhi kabla upepo haujabadilika. Chupa isiyo na kizibo huzama, hiyo hutainasa. Kila nyumba iwe na gunia lake la taka lililofungwa ukutani.

Chupa iliyolegea ibadilishe. Na neti ikianza kuacha nyuzi mkononi, itoe yote siku hiyohiyo.