Balbu Haina Kosa: Noah ya Gongoni

SHEE: Jumanne asubuhi imeingia gereji Noah ya familia, imetoka Gongoni, kaskazini ya Malindi. Mwenyewe ameshabadilisha balbu mbili na fyuzi moja. Ukikanyaga breki, upande wa kulia unatoa mwanga wa kibatari.

KAHINDI: Na ukiwasha taa za usiku, taa ya breki upande huo inazima kabisa.

SHEE: Kabisa. Balbu ya tatu alikuwa nayo mkononi. Nikamwambia, irudishe mfukoni.

KAHINDI: Wasikilizaji wameshajua unakoelekea, ami.

SHEE: Ethi. Waya unaorudisha umeme betri kupitia bodi.

KAHINDI: Dakika ya kwanza haijaisha! Leo tulipanga mambo matatu: balbu na fyuzi, swichi ya pedali, halafu taa ya tatu ya breki, ile ya juu ya mlango wa nyuma.

SHEE: Tutafika, mwanangu. Lakini huyu bwana angeelewa ethi angebaki na pesa zake. Balbu ile ya nyuma ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja: wa wati 21 ni wa breki, wa wati 5 ni wa taa ya usiku. Nyuzi mbili, ila njia ya kutokea umeme ni moja, waya wa ethi unaokwenda kwenye bodi. Njia hiyo ikizibwa na kutu, umeme wa breki unatafuta pengine pa kutokea. Unapita kwenye uzi wa wati 5 kinyumenyume, unaingia waya wa taa za usiku, unatokea taa ya kushoto, taa ya namba, hata dashibodi. Ndiyo unaona mtu anakanyaga breki na dashibodi inamulika.

KAHINDI: Na usiku?

SHEE: Usiku waya ule wa taa ndogo una volti 12 zake tayari. Huku 12, kule 12, umeme hauna pa kwenda. Breki inazima wakati unapoihitaji zaidi.

KAHINDI: Basi kipimo cha kwanza hakihitaji chombo chochote. Kanyaga breki taa za usiku zikiwa zimezimwa, kisha kanyaga zikiwa zimewashwa. Ikiwa mwanga wa breki unafifia au unapotea, achana na balbu.

SHEE: Hapo umesema. Sasa tuje kwenye mita, maana hapa ndipo mafundi wengi wanapodanganyika. Anatoa balbu, anachomeka mita kwenye holda, anasoma 12, anasema umeme upo. Mita haili umeme! Waya ulioliwa na kutu utakuonyesha 12 safi. Balbu ya wati 21 inataka karibu ampea 2, na waya ule hauwezi kuzipitisha. Kwa hiyo balbu ibaki kwenye holda, breki ikanyagwe. Ncha nyeusi ya mita iunge kwa waya mrefu mpaka hasi ya betri kule mbele. Ncha nyekundu iguse waya wa ethi nyuma ya holda. Toyota nyingi ni ule mweupe wenye mstari mweusi. Ethi nzima haifiki hata nusu volti. Hii ya Gongoni ilizidi hapo mbali.

KAHINDI: Na breki anakanyaga nani?

SHEE: Haya, useme.

KAHINDI: Mwiko, ami! Mwiko wa sima, ule mrefu wa sufuria za harusi. Bapa kwenye pedali, mpini kwenye ukingo wa kiti, kisha unasogeza kiti mbele mpaka taa iwake. Unakwenda nyuma na mita yako, huna haja ya kupigizana kelele na mtu "imewaka, haijawaka."

SHEE: Tangu kipindi cha breki za ngoma watu wanatuma ujumbe kuuliza mwiko wa mti gani.

KAHINDI: Wa mwembe. Mwepesi, na bapa linakaa sawa juu ya raba ya pedali. Ufito wa mkoko unateleza.

SHEE: Nami nawaambia wautoe wakimaliza. Taa za breki haziulizi ufunguo. Balbu mbili za wati 21 na ile ya juu zinakula ampea 4 hadi 5. Betri ya ampea-saa 45, mwiko ukilala humo usiku mmoja, asubuhi gari haiwaki.

KAHINDI: Kweli, mwiko utoke. Sasa tuwaambie boliti inayofunga ethi kwenye bodi ilikuwa wapi.

SHEE: Nyuma ya ubao wa pembeni, kona ya kulia, spana 10. Kichwa cha waya kijani kitupu, na kutu imepanda ndani ya mpira kama sentimita 6. Gari inalala upepo wa bahari, kusi inapuliza chumvi, na ubao ule unaifungia unyevu ndani. Mimi pale sihangaiki. Waya mpya wa milimita 1.5 kutoka holda zote mbili, natoboa mahali pakavu kwenye bodi, nafunga.

KAHINDI: Hapo sikubali, ami.

SHEE: Najua.

KAHINDI: Kata waya mpaka shaba ing'ae, unga kwa risasi ya kulehemu, funika kwa mpira unaonywea kwa joto. Piga msasa kichwa na bodi mpaka chuma cheupe, rudisha boliti ileile, ukishakaza ndipo upake mafuta ya mgando juu. Ukitoboa shimo jipya umeifungulia chumvi mlango wa pili. Na boliti ile ya zamani imebeba pia ethi ya taa ya rivasi na ya wipa ya nyuma. Umeokoa breki, hivyo vingine umeviacha vioze.

SHEE: Wipa haiui mtu. Barabara ya Gongoni ina malori ya chumvi, na taa ile ndiyo inayomwambia dereva wa lori kwamba mbele yake kuna watoto, asimame.

KAHINDI: Ndiyo maana nataka ifanywe sawa! Skrubu yako italegea kwa mtikisiko, na mwenye gari hana pa kuiona.

SHEE: Siweki skrubu. Naweka nati na washa ya meno, narudishia rangi. Boliti iliyoliwa na kutu mara moja, kusi ijayo inaliwa tena.

KAHINDI: Ikisafishwa vizuri hailiwi.

SHEE: Inaliwa.

KAHINDI: Haya. Dakika moja imebaki, na swichi ya pedali hatujaigusa.

SHEE: Wape moja tu.

KAHINDI: Taa zote tatu zikifa pamoja, na giya ya otomatiki ikakataa kutoka P, ile ya kuegesha, anza na fyuzi ya STOP kisha swichi ya pedali. Fyuzi ikiungua tena usiweke kubwa zaidi, waya ndio utakaoyeyuka. Nyaya za mlango wa nyuma zinakatikia ndani ya mpira unaojikunja...

SHEE: Muda, mwanangu.

KAHINDI: Basi mlango wa nyuma na swichi, wiki ijayo.

SHEE: Na ethi.