Mapigo ya Wimbo na Mgonjwa Aliye Nyumbani: Mhadhara kwa Walimu wa Kwaya na Wauguzi, Moshi

Ndugu walimu wa kwaya, wauguzi, nanyi mnaowahudumia wagonjwa majumbani: wakubwa wetu shikamooni, na wengine wote habari za mchana.

Nimeombwa nizungumzie namna muziki unavyougusa ubongo, mwili na hisia. Mada hiyo ni pana, na kwa kuwa mimi kazi yangu ni mazoezi ya viungo, nitajikita katika jambo moja ambalo naamini lina faida ya haraka hapa Kilimanjaro, ambako ni vigumu kukuta mtaa usio na kwaya: wimbo hupita katika ubongo kwa njia nyingi kwa wakati mmoja, kiasi kwamba mgonjwa aliyeharibikiwa njia moja, iwe ya kutembea au ya kusema, mara nyingi bado anazo nyingine za kutumia.

Sauti ikifika katika sikio la ndani hutikisa chembe zenye vinyweleo, ambazo zile kuu ni takribani 3,500 tu kwa kila sikio na zikifa hazioti tena (hilo wapiga spika za ukumbini walikumbuke). Chembe hizo huugeuza mtikisiko kuwa ishara zinazopanda hadi sehemu ya ubongo iliyo usawa wa masikio, ambako tunatambua kwamba hii ni besi na ile ni soprano. Ishara haziishii hapo. Mwaka 2007 watafiti Jessica Grahn na Matthew Brett walionyesha kwamba mtu anayesikiliza mapigo yenye mpangilio, akiwa amelala tuli ndani ya mashine ya kupiga picha za ubongo, huamka sehemu zile zile za ubongo zinazopanga mwendo wa mwili. Kwa maneno mengine, miguu ya msikilizaji imeshaandaliwa kabla hajaamua kusimama.

Hisia nazo zina njia yake. Mwaka 2011 kundi la watafiti wa Montreal, Kanada, liliwasikilizisha watu nyimbo zinazowasisimua hadi vinyweleo kusimama, likaona ubongo ukimwaga dopamini, kemikali ile ile inayohusika na raha ya chakula, mara mbili katika sehemu mbili tofauti: kwanza wakati wa kukingojea kile kipande kitamu, kisha kinapowadia. Mwalimu wa kwaya anayekivuta kidogo kiitikio huku waumini wakisubiri, anafanya kazi na jambo hilo hilo. Moyo na pumzi pia hufuata. Utafiti wa Luciano Bernardi na wenzake wa Italia, uliochapishwa mwaka 2006, uliona kwamba muziki wa mwendo wa kasi hupandisha upumuaji, mapigo ya moyo na presha, na kwamba ule ukimya wa dakika mbili uliowekwa katikati ya nyimbo ulivishusha vyote hata chini ya pale vilipoanzia. Wauguzi, ukimya huo uwapeni wagonjwa wenu. Redio inayowika wodini mchana kutwa si tiba.

Sasa nije kwenye kutembea. Katika wilaya jirani ya Hai, watafiti walipita nyumba kwa nyumba katika eneo lenye watu zaidi ya 160,000 wakitafuta wagonjwa wa Parkinson, maradhi ya ubongo yanayovuruga mwendo wa mwili, na katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2008 ilionekana kwamba wengi wa waliopatikana walikuwa hawajawahi kutambuliwa ugonjwa wao, seuze kutibiwa. Hao ni wazee wetu wanaosemwa kwamba wamechoka tu. Katika ugonjwa huu, viini vya ndani ya ubongo vinavyoupa mwili majira ya kila hatua hupungukiwa dopamini, hatua zinafupika, na mgonjwa anaweza kuganda, hasa mlangoni. Pigo linalotoka nje humpa majira ambayo ubongo wake umeshindwa kuyatoa. Michael Thaut na wenzake nchini Marekani walilionyesha hilo kwa wagonjwa wa Parkinson mwaka 1996, na mwaka uliofuata kwa waliopata kiharusi.

Bibi mmoja wa Kibosho alikuwa akifika kwenye kizingiti cha jiko lake, miguu inagoma, magoti yanatetemeka, naye anashika fremu ya mlango asianguke. Tulimwomba mjukuu wake agonge ndoo tupu kwa mwiko, polepole, huku wote wawili wakiimba wimbo ambao bibi aliuimba enzi za kuchuma kahawa. Katika pigo la nne bibi aliinua mguu wa kulia, akavuka.

Kazi hii ina utaratibu. Kwanza hesabu hatua za mgonjwa kwa nusu dakika, uzidishe mara mbili, kisha uimbe kwa mwendo huo huo na si kwa mwendo unaoupenda wewe. Akishazoea, ongeza hatua tano hadi kumi kwa kila mia. Ukianza na pambio la kasi utamwangusha. Na awepo mtu wa kumshika.

Kusema ni habari ngumu zaidi. Tangu mwaka 1861, Paul Broca alipoeleza mgonjwa wake aliyepoteza usemi, tunajua kwamba jeraha katika upande wa kushoto wa ubongo, sehemu ya mbele, laweza kumnyang'anya mtu maneno ilhali anaelewa anachoambiwa. Wengi wa hao bado wanaimba, kwa sababu upande wa kulia nao hushiriki katika wimbo. Familia husikia baba akiimba utenzi mzima, hudhani amepona, kisha hukata tamaa anaposhindwa kuomba maji. Wimbo uliokaririwa peke yake haurudishi usemi. Njia iliyoanza kuelezwa mwaka 1973 na madaktari na wataalamu wa usemi huko Boston ni kuchukua sentensi ya kila siku na kuiimba kwa sauti mbili, ya juu na ya chini, huku mkono wa kushoto wa mgonjwa ukigongeshwa mezani kwa kila silabi, kisha kuupunguza wimbo kidogo kidogo hadi yabaki maneno. Kiswahili kinaifaa sana njia hii, kwa kuwa silabi zetu ziko wazi na mkazo wake unajulikana: na-TA-ka MA-ji, sauti ya juu ikiangukia silabi ya pili kutoka mwisho. Mwalimu wa kwaya anaweza kujifunza hatua hizi kwa mtaalamu, akamsaidia jirani yake kila jioni.

Kwa aliyetoka tu kupata kiharusi, hata kusikiliza kunasaidia. Mwaka 2008 Teppo Särkämö na wenzake wa Helsinki walichapisha matokeo ya wagonjwa waliosikiliza muziki walioupenda wenyewe kila siku kwa miezi miwili: kumbukumbu ya maneno na umakini vilirudi vizuri zaidi kuliko kwa waliosikiliza vitabu vilivyosomwa au wasiopewa chochote, na huzuni yao ilikuwa ndogo kuliko ya hao wasiopewa chochote.

Zingatieni hayo maneno, walioupenda wenyewe. Wimbo wa msibani unaweza kumliza mgonjwa badala ya kumwinua, na wapo wachache, kama watafiti wa Barcelona walivyoonyesha mwaka 2014, wenye masikio mazima na furaha nyingine zote ambao muziki hauwapi raha yoyote. Kwa hiyo kabla ya kuanza, muulizeni mgonjwa anataka upi, na kama hawezi kujibu, waulizeni aliokua nao.