Namna ya Kuchagua Vazi la Miguu la Kuendeshea Baiskeli Wakati wa Kipupwe

Ndugu watazamaji, hamjambo. Tuko Newala, mkoani Mtwara, ni saa 11:30 alfajiri, mwezi wa Julai, na ukungu mnaouona nyuma yangu unapanda kutoka Shimo la Mungu, ule mporomoko ambao mchana kukiwa kweupe humwonyesha mtu bonde la Ruvuma hadi ng'ambo ya Msumbiji. Kwa ninyi mnaotazama mkiwa Mtwara mjini, Mikindani au Lindi, ambako kipupwe ni msimu wa kulala vizuri tu, huenda somo la baridi ya miguu likaonekana kuwa la nchi za mbali. Huku juu si hivyo. Hewa hupoa kwa takriban nyuzi 6.5 kwa kila mita 1,000 za kupanda, nasi tuko zaidi ya mita 600 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo alfajiri ambayo pwani ni nyuzi 20, hapa inaweza kuwa nyuzi 16.

Nyuzi 16 si baridi kwa mtu aliyekaa karibu na jiko. Ni baridi kwa mwendesha baiskeli, kwa sababu anayekwenda kilomita 20 kwa saa hujitengenezea upepo wa kasi hiyo hiyo hata kama hakuna jani linalotikisika, na akikutana na kusi uso kwa uso, kasi hizo mbili hujumlishwa. Upepo huo huifagia ile hewa kidogo yenye joto inayokaa juu ya ngozi. Kifuani tunavaa sweta na koti, lakini miguu, ambayo ndiyo inayofanya kazi, tunaivalisha bukta au suruali yoyote iliyokuwa karibu na kitanda. Mimi ni mwalimu, naendesha kilomita 11 kwenda shuleni na 11 kurudi, na kwa miaka kadhaa nilivaa hivyo hivyo, nikishangaa kwa nini goti langu la kulia hukakamaa kila ifikapo Juni. Jambo ninalotaka mlishike ni kwamba vazi la miguu la kipupwe huchaguliwa kwa kuangalia ukavu na upepo kwanza, unene baadaye.

Hatua ya kwanza ni kuifikiria njia yako kabla hujaenda sokoni. Anayetoka mjini kwenda mashamba ya bondeni huanza na mteremko, misuli ikiwa bado haijapata moto, na upepo humpiga vikali zaidi dakika zile za mwanzo. Huyu anatakiwa kujifunika tangu mlangoni. Anayeanza na mlima hutoa jasho ndani ya dakika 10, kisha akifika juu na kuanza kuteremka, jasho lile lile ndilo linalompoza, na kwa hiyo anahitaji vazi analoweza kulipunguza njiani bila kutafuta kichaka cha kujificha. Wakulima wanaowahi kupuliza salfa, yaani unga wa dawa, kwenye mikorosho, ambao ni lazima wafike umande ukiwa bado uko kwenye majani ili unga ushike, wana shida ya tatu, kwa kuwa nyasi za kandokando ya njia huwalowesha kutoka kwenye kifundo hadi gotini kabla hawajaufikia mkorosho wa kwanza.

Hatua ya pili ni kitambaa, na naomba msogee karibu na meza. Nina suruali ya jinzi, suruali ya trakisuti ya poliesta na soksi ndefu ya sufu, zote za mitumba. Namimina kijiko kimoja cha maji juu ya kila moja. Tazameni jinzi: maji yamezama mara moja, doa limetanuka hadi upana wa kiganja, na nikiliminya kwa vidole kitambaa kinabaki kizito na cha baridi. Kwenye trakisuti maji yamekaa juu kwanza kama tone juu ya jani la mgomba, kisha yakasambaa, na nikiipungapunga suruali hewani inaanza kukauka tukiwa tunazungumza. Soksi ya sufu imechelewa kupokea maji, na hata baada ya kuyapokea, nikiigusa kwa mgongo wa mkono hainipi ubaridi ule wa jinzi.

Tofauti hiyo inatokana na uzi wenyewe. Uzi wa pamba, ambao ndio wa jinzi, hunywa maji na kuyashikilia. Poliesta karibu haiyanywi kabisa, chini ya asilimia 1 ya uzito wake. Sufu huweza kupokea unyevu wa karibu theluthi moja ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kwamba amelowa. Maji hupitisha joto zaidi ya mara 20 kuliko hewa, na kila lita ya jasho inayokauka juu ya mwili huondoka na takriban kilokalori 580. Mchana wa jua kali hilo ndilo tunalolitaka, na ndiyo maana pamba itabaki kuwa nguo yetu ya mwezi wa Novemba. Alfajiri ya Julai, joto linaloikausha jinzi iliyolowa linatoka kwenye mapaja yako.

Lebo nyingi za mitumba zimekatwa au zimefutika, kwa hiyo jifunzeni kipimo cha kiberiti. Omba ruhusa ya muuzaji, vuta uzi mmoja kutoka kwenye pindo la ndani, ushike kwa kibano juu ya kifuniko cha bati, mbali na nguo nyingine, kisha uuwashe. Uzi wa pamba huwaka kama karatasi na kuacha majivu laini. Uzi wa sufu huwaka kwa shida na kutoa harufu ya nywele zilizoungua. Uzi wa poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha kijidonge kigumu, ambacho msikiguse kikiwa cha moto. Baada ya hapo weka kitambaa mdomoni na upulize kwa nguvu, huku kiganja kikiwa upande wa pili. Pumzi ikipita kama vile hakuna kitu, upepo wa mteremko nao utapita. Isipopita hata kidogo, kama ilivyo kwa suruali za mvua za plastiki, jasho litafungiwa ndani na utafika umelowa kwa maji yako mwenyewe. Unachotafuta ni kitambaa ambacho pumzi hupita kwa kusitasita.

Kuhusu unene sina mengi. Kwenye belo zinazotoka Ulaya hutokea skintaiti nzito za baiskeli zenye manyoya laini ndani, nyingine zikiwa na kamba za begani kama ovaroli, na muuzaji huzisifu sana. Zilishonwa kwa ajili ya watu wanaoendesha kwenye nyuzi 5 au chini ya hapo. Kwetu, jua likishapanda saa 3 asubuhi, zitakuchemsha. Chukua nyepesi.

Hatua ya tatu ni magoti, na hapa nitakaa. Ukigusa paja lako utakuta nyama, ukigusa nyuma ya ugoko utakuta nyama, lakini ukigusa kilegesambwa, yaani ile pia ya goti, na kano inayoshuka chini yake, utakuta ngozi na mfupa tu. Hakuna misuli ya kuleta joto wala mafuta ya kulihifadhi, na goti ndilo linalotangulia mbele kuupokea upepo. Anayekanyaga mizunguko 60 kwa dakika hukunja kila goti mara 1,800 katika nusu saa, na kano iliyopoa hunyumbuka kwa shida. Kwa sababu hiyo walimu wengi wa mchezo wa baiskeli huwataka waendeshaji wao wafunike magoti mara tu joto linaposhuka chini ya nyuzi 18 hivi, hata kama wao wenyewe hawasikii baridi. Mwenye goti lililovimba au linalouma hata akiwa amekaa asitafute nguo, aende hospitali.

Waendesha baiskeli wa mashindano huvaa vifunika magoti, mfano wa soksi zisizo na nyayo, ambavyo huanzia katikati ya paja na kuishia chini ya goti. Sijawahi kuviona vikiuzwa hapa, lakini fundi cherehani yeyote anaweza kuvishona kutoka kwenye mikono ya sweta lililochakaa, lile la kitambaa cha poliesta chenye manyoya laini. Nimelitandaza hapa. Napima sentimita 30 kutoka begani kushuka, nakata, na sehemu pana ya mkono ndiyo itakayokaa pajani. Juu namwomba fundi aweke lastiki ya upana wa sentimita 2, na chini apinde tu bila lastiki, kwa sababu chini ya goti hapahitaji kubanwa. Mshono wa urefu ukae upande wa nje wa mguu. Nimeona wengi wakiuacha uende nyuma ya goti, mahali pa mkunjo, na baada ya kilomita chache ngozi ya pale huchubuka. Ukishavaa, ingiza vidole viwili chini ya lastiki: visipoingia, au ukivua ukakuta alama nyekundu ya kina, ilegezwe. Vazi hili ndilo linalomfaa yule anayeanza na mlima. Anapanda akiwa na bukta tu, vifunika magoti vikiwa vikavu mfukoni, na akifika juu amelowa jasho. Anasimama, anavivaa, anateremka.

Hatua ya nne ni kuketi. Msinunue vazi la baiskeli mkiwa mmesimama. Chuchumaa hadi mapaja yaguse tumbo, kisha inama kama mtu aliyeshika usukani. Kiuno cha nyuma kikishuka na kuacha mgongo wazi, rudisha. Kitambaa kikikaza juu ya goti, rudisha, maana kila mzunguko wa pedeli utakuwa ukivutana nacho. Sasa geuza vazi ndani nje na upitishe mgongo wa mkono kwenye kinena, pale mishono minne inapokutana. Kwenye jinzi mtasikia fundo gumu kama punje ya korosho. Fundo hilo hukaa kati yako na siti kwa saa nzima, na likichanganyika na jasho huleta michubuko ambayo mtu huona haya kuieleza hata kwa daktari. Mshono bapa ndio unaofaa. Ukipata bukta ya baiskeli yenye sponji, huvaliwa bila chupi, kwa kuwa sponji ile imetengenezwa kugusana na ngozi, na chupi huongeza mishono iliyokusudiwa kuondolewa. Juu yake vaa bukta ya kawaida kwa ajili ya heshima, na ile ya sponji ifuliwe kila ikivaliwa.

Kina mama na mabinti wanaoendesha kwa dera au gauni wavae ndani skintaiti ya poliesta yenye kunyumbuka, inayofika kwenye kifundo. Miguu husitirika, upepo huzuiwa, na mapaja hayasuguani. Pindo la dera likunjwe na kufungwa juu ya goti upande wa kushoto, mbali na cheni, na kama gurudumu la nyuma halina kinga, wavu mdogo uliofungwa juu ya spoki utazuia nguo isivutwe ndani.

Hatua ya tano inahusu kifundo. Suruali pana ni hatari mguu wa kulia, ilipo cheni. Niliwahi kuanguka kwenye mteremko nikiwa na suruali ya kitambaa yenye mguu mpana. Cheni iliuma pindo, pedeli ikakwama, na nikashuka kwa bega. Tangu siku ile nina ukanda huu mnaouona, uliokatwa kwenye tyubu chakavu, upana wa sentimita 3, wenye kipande cha utepe unaoakisi mwanga kilichoshonwa juu yake. Navaa mmoja kila mguu. Wa kulia hubana suruali, na yote miwili hupanda na kushuka na pedeli, kwa hiyo dereva anayekuja nyuma gizani huona vitu viwili vinavyochezacheza na kutambua mara moja kwamba mbele yake kuna mtu anayeendesha baiskeli. Soksi ziwe ndefu kiasi cha kuingia ndani ya suruali, na anayepita kwenye umande abebe jozi kavu ya kubadilisha afikapo.

Limebaki suala la kufua. Mkulima asipulize salfa akiwa na vazi analoendeshea. Avae nguo za shamba akifika, kwa sababu unga wa salfa ukibaki kwenye kitambaa kinachobana huwasha ngozi, hasa ukikutana na jasho. Nguo hizo zifuliwe peke yake. Vazi la baiskeli lifuliwe ndani nje kwa maji ya kawaida, lisikaushwe karibu na moto, maana lastiki huisha nguvu, na usiku lisiachwe kwenye kamba uani, kwani alfajiri utalikuta limelowa umande kuliko lilivyokuwa jioni. Mimi nina vazi la aina hii mara mbili: moja nimelivaa, na jingine linaning'inia ndani, kwenye msumari nyuma ya mlango, likingoja kesho saa 11.