Nyonga Inayosahaulika

Ndugu zangu mnaoishi na maltipo sklerosisi, na ninyi mnaowauguza, leo sianzi na ubongo. Naanza na nyonga.

Tangu daktari Jean-Martin Charcot aueleze ugonjwa huu pale Paris mwaka 1868, macho ya madaktari yamekuwa kwenye ubongo na uti wa mgongo. Wana sababu: humo ndimo kinga ya mwili inamoushambulia utando unaofunika mishipa ya fahamu, hata amri ya kunyanyua mguu ikachelewa kufika, au isifike kabisa. Mguu ukiburuta, mtu huanguka. Na akianguka, kinachovunjika ni mfupa.

Mwaka 1994 mtafiti Jeri Nieves na wenzake, huko New York, walichapisha kazi ninayoirudia mara kwa mara. Waliwapima wanawake wenye ugonjwa huu wakakuta mifupa yao imepungua, na vitamini D mwilini ni haba. Baadhi yao wiki ilikuwa ikipita bila kuota jua. Sishangai. Uchovu wa ugonjwa huu haufanani na uchovu wa kazi, na wengi wenu mnajua jinsi joto linavyozidisha dalili. Basi mtu anabaki ndani. Jua halimpati, hatembei, na mfupa usiobebeshwa uzito huliwa.

Nasema huliwa kwa maana yake kamili. Ndani ya mfupa zimo seli za kuumeng'enya na seli za kuujenga upya. Hizo za kumeng'enya ni ukoo mmoja na baadhi ya askari wa kinga. Zote huzaliwa kwenye uboho. Halafu mwaka 2001 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wakaonyesha kwamba osteopontini, protini inayojulikana sana kwenye mfupa, imo pia katika makovu ya ubongo wa wagonjwa. Jambo hilo linanistaajabisha hadi leo. Tumeugawa mwili kwa kliniki, huku mifupa, huku mishipa ya fahamu, kumbe wenyewe haujagawanyika.

Kuhusu steroidi, dawa za kutuliza kinga ya mwili, naomba mnisikilize vizuri. Dripu ya siku 3 hadi 5 wakati wa shambulio, yaani dalili zinapozuka, si sawa na vidonge vinavyomezwa miezi na miezi. Hivyo vya muda mrefu ndivyo vinavyodhoofisha mifupa. Asitoke mtu hapa akaacha dawa zake bila kuonana na daktari.

Na wenzetu mlioko kaskazini mwa Ulaya na Kanada: ngozi nyeusi huhitaji jua zaidi ili kutengeneza vitamini D, na jua la huko wakati wa baridi halina nguvu hiyo. Dada anayejistiri mwili mzima analipata kidogo zaidi. Aombe kipimo cha damu.

Sasa kipimo cha mifupa chenyewe. Mashine ya deksa hupima mgongo na nyonga, na alama ya uzito wa mfupa (T-score) ikifika hasi 2.5 au chini yake, huo tayari ni ugonjwa wa mifupa kudhoofika, osteoporosisi. Kwa wagonjwa wetu nyonga ndiyo huumia zaidi, kwa kuwa ni miguu iliyopunguza kazi. Ukiambiwa mgongo wako uko salama, usinyanyuke kitini. Uliza majibu ya nyonga.