Kiwanja si Shamba: Udongo wa Nyanya na Hoho Nyuma ya Nyumba

Shikamooni wakubwa, na wengine habari za asubuhi. Walionisikia mara zilizopita wanivumilie, maana nitasema yaleyale, na nitayasema mpaka nione hoho za maana hapa Moshi, Pasua na Majengo.

Najua nikitaja udongo mbovu kuna mtu ataninyoshea kidole: sisi tuko chini ya Mlima Kilimanjaro, udongo wa volkano, ukidondosha mbegu inaota. Sawa, kule Kibosho, mlimani. Lakini bibi yako kule hakuiachia volkano kazi yote. Ng'ombe alikaa bandani, majani yakakatwa, samadi ikabebwa mgombani miaka yote. Wewe umenunua kiwanja huku chini. Fundi amechimba msingi, udongo mweusi wa juu ameufukia, wa chini ameutandaza juu, kisha akakorogea zege palepale unapotaka kupanda nyanya. Huo ndio unauita udongo wa volkano?

Sasa nisikilizeni hili. Kuna mama mmoja, jirani yangu, nyanya zake zilikuwa zinaoza kitako: tunda zuri, chini doa jeusi limedidimia. Akaenda duka la pembejeo, akauziwa dawa ya ukungu. Akapuliza. Zikaoza. Akauziwa nyingine, ya bei zaidi. Zikaoza vilevile, maana kuoza kitako si ukungu wala mdudu. Tunda limekosa kalisi, madini yale mnayoyaita kalsiamu. Na hapo ndipo ninapochekaga, samahani mama kama umo humu: bustani ile imejaa saruji na chokaa ya ujenzi! Kalisi imelala pale tele. Ila kalisi hupanda na maji, na udongo ule haushiki maji. Jumatatu tope, Alhamisi umepasuka. Mmea unakunywa kwa mshtuko, tunda linakosa. Dawa gani itatibu hilo? Ni mboji tu, matandazo ya nyasi kufunika udongo, na maji ya kipimo kilekile bila kuruka siku.

Halafu mtu mwingine akamshauri aweke majivu. Ndugu zangu, majivu! Nyanya na hoho zinapenda udongo wenye uchachu kidogo, pH ya 6 hadi 6.8 (pH ni kipimo cha uchachu; ikipanda, uchachu umepungua). Saruji imeshaipandisha pH hiyo, na maeneo mengi ya tambarare kuelekea TPC, kwenye mashamba ya miwa, yana magadi yake ya asili. Ukiongeza majivu, chuma kinajifunga ardhini, majani machanga yanageuka njano huku mishipa imebaki kijani, nawe unakimbilia dukani tena kununua yurea, mbolea ya naitrojeni, ukidhani ndiyo iliyokosekana. Majivu yapeleke kwenye udongo mchachu uliopimwa, si kila mahali kwa sababu ni ya bure.

Basi fanya hivi. Chimba shimo la sentimita 30, lijaze maji, yakiisha ujaze tena. Yakilala mpaka kesho, usipande hapo kabla ya kuinua tuta, hasa hoho, maana mizizi yake haivumilii kusimama majini. Okota kifusi chote. Tifua eneo lote la tuta, usichimbe vijishimo vya kumwagia samadi. Mizizi hufika ukingoni ikakuta ukuta. Changanya mboji iliyoiva, debe 2 kwa kila mita ya mraba. Iliyoiva, nasema! Inanuka kama udongo wa msituni, haina joto, huoni tena nyasi wala kinyesi. Samadi ya jana zizini inaunguza miche na kukuletea magugu ya nusu wilaya.

"Mboji nitapata wapi, mimi sina ng'ombe?" Vigogo vya migomba unavitupa wapi? Maganda ya jikoni? Majani ya ua? Lundika, lowesha, geuza, subiri miezi kama mitatu. Ukianza mapema utakuwa tayari kabla ya vuli. Pumba za mpunga nazo zipo, lakini zitangulie kuoza lundoni, la sivyo zitanyonya naitrojeni ya mmea wako.

Mbolea ya dukani siikatai, ila ije baada ya mboji.

Nilitaka niongelee minyoo fundo, ile inayovimbisha mizizi mafundo-mafundo, naona muda umekwisha na chai imefika. Kwa kifupi: nyanya, hoho, bilinganya, ngogwe na viazi mviringo ni ukoo mmoja, msizirudishe tuta lilelile msimu unaofuata, pandeni mahindi au vitunguu kwanza. Mwenye udongo kwenye mfuko aniletee pale mezani tuuangalie, na tafadhali usiwe wa juu juu tu.